Ya Kawaida au ya Juu: Pikipiki ya Wangeci wa Chaka

Vijana mnaokuja kwangu siku hizi hata hamnisalimii vizuri. Mnasimama mlangoni, helmeti kwapani, simu mkononi, na kwenye simu picha mbili za pikipiki moja. Kabla sijamaliza chai yangu mnauliza, "Mzee, nichukue ya kawaida ama ile ya juu?"

Nimestaafu. Gereji yetu ya hapa Nyeri anaiendesha binti yangu Muthoni, na anaiendesha vizuri kuliko nilivyoiendesha mimi, ingawa sijamwambia hivyo. Lakini swali bado linanifuata nyumbani, na sababu naijua. Kutoka Karatina hadi Timau hakuna mtu aliyewapandisha watu wengi kwenye pikipiki za mbio kuliko mimi. Wengi wao bado wananipigia simu siku ya Krismasi. Fundi anayepigiwa simu na wateja wake Krismasi, tena si kwa kulalamika, ana haki ya kujisifu kidogo. Mimi nitajisifu zaidi ya kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Naandika kwa sababu ya Wangeci wa Chaka na mama yake. Mama huyo alinitazama usoni, ndani ya gereji yangu, akaniambia nikikosea jibu la swali hilo lenu, yeye atazika mtu wa pili kwa sababu ya pikipiki. Nitafika kwao. Kwanza tuelewane tunazungumza habari gani.

Kiwanda kikitengeneza pikipiki ya mbio, mara nyingi huitoa kwa sura mbili. Injini ni ile ile, fremu ni ile ile, na kelele ya kuwaamshia majirani watoto ni ile ile. Ya kawaida ina shoki za kawaida, zile springi za kumeza matuta, na tairi za barabarani. Ya juu ina shoki za rangi ya dhahabu unazoweza kuzikaza na kuzilegeza kwa spana, rimu nyepesi, gia zinazopanda bila kushika klachi, tairi laini zilizokusudiwa uwanja wa mashindano, na kompyuta inayojua pikipiki imelala kiasi gani kwenye kona. Bei yake nayo imelala mbali na ya mwenzake.

Hiyo rangi ya dhahabu imewadanganya wengi. Nimeona mtu mzima, mwenye mke na ng'ombe wa maziwa, akizikodolea macho shoki kama mtoto kwenye dirisha la duka la keki. Simlaumu. Ni nzuri. Lakini zimetengenezwa kwa barabara laini kama meza, na kwa mtu wa uzito fulani. Sisi huku tuna matuta. Tuna murram, barabara za changarawe. Tuna ile baridi ya asubuhi ya Kieni ambayo tairi laini haiipendi kabisa, kwa sababu tairi ya mashindano lazima ipate moto ndipo ishike barabara. Timau asubuhi, moto huo utautoa wapi?

Zamani tulikuwa na shida nyingine. Pikipiki ilikuwa na kabureta, na ukiitoa Mombasa hadi Nanyuki ilianza kukohoa, maana hewa ya huku juu ni nyepesi. Nilikuwa nabadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, na kusikiliza injini, nabadilisha tena na kusikiliza tena, sikio karibu na bomba la moshi. Siku hizi kompyuta hujirekebisha yenyewe, na pikipiki hupanda mlima bila kujua imepanda. Namshukuru aliyebuni hiyo. Lakini hakuna kompyuta inayojua mjomba wako ana uzito gani, na hapo ndipo fundi anapohitajika bado. Mtaelewa mbele.

Mimi nina diploma ya uhandisi wa mitambo. Iko ukutani, kwenye fremu, chini ya saa, mahali ambapo mtu akitazama saa lazima aione. Niliipata Nairobi nikifanya kazi mchana na kusoma jioni, bila mjomba wa kunilipia na bila mtu mkubwa wa kunipigia simu. Nikaenda nayo Uingereza, mji wa Leeds, nikidhani nitapokewa kwa mikono miwili. Nilipokewa kwa ndoo na sifongo. Niliosha pikipiki za watu mpaka vidole vikajikunja. Sikulalamika. Anayeosha pikipiki huiona yote, hata sehemu ambazo muuzaji hazioni.

Mkuu wa karakana alikuwa Desmond, mtu mrefu mwenye wazazi wa Jamaika, naye alikuwa na vyeti vingi kuliko mimi na alipenda kuvitaja, kwa hivyo tulielewana haraka. Siku moja aliniona nikimweleza mteja juu ya nguvu za farasi, kasi, uwiano wa gia, vitu vyote nilivyosomea. Mteja alikuwa ameshaanza kutazama mlango. Desmond alinivuta kando.

"Unaongea na nani?"

"Na mteja."

"Hapana, unaongea na mfuko wake. Ongea na makalio yake. Mkalishe."

Akanionyesha. Alimvika yule mteja koti lake zito, helmeti, begi la mgongoni analobeba kila siku kwenda kazini. Akamkalisha kwenye pikipiki. Akaniweka mimi nyuma, mkono juu ya mkia wa kiti, akaniambia nihisi. Pikipiki yenye springi za uzito wa mtu wake hushuka kidogo anapokaa, kama mtu anayeketi kwenye sofa nzuri, kisha hutulia. Isiposhuka kabisa, springi ni ngumu kwake, na kila tuta litamrusha. Ikizama mpaka chini, springi ni laini kwake, na kila shimo litampiga mgongo. Katika hali zote mbili tairi hazikai barabarani inavyotakiwa, na tairi isiyokaa barabarani haina breki, haina kona, haina chochote.

Hilo ndilo somo. Sikulipata chuoni, wala sikidharau chuo kwa sababu hiyo. Bila chuo nisingeelewa kwa nini ni kweli. Desmond alinifundisha nihisi kwa mkono kile nilichokuwa nacho kichwani. Namshukuru mpaka leo. Tulipoagana alinipa spana yake ya kukazia shoki, ile yenye umbo la ndoano, akasema huko kwenu mtaihitaji, mna mlima.

Niliporudi na kufungua gereji, shemeji yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Umekaa Ulaya miaka yote hiyo, umerudi kutengeneza pikipiki? Si ungenunua hata matatu?" Watu wa Chaka walinibandika jina Mwingereza. Mimi niliagiza pikipiki za mbio wakati kila mtu alidhani pikipiki ni ya kubeba kabeji. Leo huyo shemeji anakuja kuniomba nimfahamishe kwa wateja wangu. Namfahamisha. Ni mtu mzuri.

Wateja wa kwanza walinifundisha kwamba swali lenu linaweza kujibiwa vibaya kwa njia mbili. Kulikuwa na meneja wa shamba la maua kule Timau, kijana msafi, kola nyeupe. Alitaka ya juu na nikamweleza, lakini hakutaka kuelezwa. Barabara ya kwenda shambani kwao ni murram yenye mawimbi kama ubao wa kufulia nguo. Baada ya muda alirudi akiiendesha polepole.

"Fundi, hii pikipiki ni mgonjwa."

"Inaumwa wapi?"

"Mimi ndiye ninaumwa. Meno." Akafungua mdomo kunionyesha.

Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Wang'uru, mtu makini, anayejua kupunguza bei mpaka unajikuta umemuongezea. Barabara zake ni tambarare, lami nzuri, joto, na yeye ni mtu mwenye mwili. Ya juu ingemfaa kabisa. Akachukua ya kawaida, akatoka akipiga mluzi. Baadaye akaja kuongeza shoki nzuri. Kisha rimu. Kisha breki. Kisha mashine ya kubadilisha gia bila klachi. Kila akija alisema, "Hii tu ndiyo ya mwisho." Mwishowe aliisimamisha kando ya ile ya juu iliyokuwa dukani, akaitazama, akatazama yake, akaniuliza, "Kwani tofauti yao ni nini sasa?" Nikamwambia tofauti ni kwamba ya dukani bado ina garanti. Alicheka sana, lakini siku hiyo hakupiga mluzi akitoka.

Sasa Wangeci.

Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja, msichana mwembamba, mwenye mikono ya haraka na maneno machache. Alikuwa ameendesha pikipiki ndogo kwenda kazini kwa muda mrefu, mvua na jua, na niliiona mwenyewe: cheni imepakwa mafuta, tairi hazijaliwa upande mmoja, breki zimetumiwa na mtu anayefikiria. Mwendeshaji hujulikana kwa pikipiki yake. Alikuwa ameweka akiba kwa subira, na alitaka pikipiki ya mbio. Kwa nini? Kwa sababu alitaka. Jumapili wenzake hupanda kwenda Nanyuki na kurudi, naye huachwa nyuma.

Shida ilikuwa mama yake. Mama Wangeci huuza sweta za mitumba sokoni Chaka. Mume wake alikufa kwa pikipiki, kwenye mteremko, mvua ikinyesha. Wangeci alikuwa mtu mzima, angeweza kununua bila kuuliza mtu. Lakini kuna watoto ambao hawawezi kuendesha kitu huku wakijua mama yao amejifunika uso nyumbani, na Wangeci ni mmoja wao. Alimwambia mama yake: ukikataa, nitaacha. Na mama alisema atakuja kuona kwanza.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Kitu kikubwa hakiingii boma la mtu peke yake. Gari, trekta, hata ng'ombe wa gredi, familia hufuatana kwenda kukitazama, na kwa jambo kama hili kaka wa mama lazima awepo, maana baraka zake ni nzito na kinyongo chake ni kizito zaidi. Basi walikuja: Wangeci, mama yake, na Mjomba Kariuki, mwenye bucha pale Chaka, mzee wa kanisa, na mwili wake unaonyesha kwamba nyama anayoiuza anaiamini.

Mimi nilikuwa nimeziweka pikipiki mbili kando kwa kando, ya kawaida na ya juu, nyekundu zote. Wangeci alizunguka ile ya juu mara ya kwanza, akazunguka tena. Macho yalisema.

Na hapo ndipo kosa letu, la watu wa huku, lilipotokea. Sijaliona mahali pengine. Kabla ya mwendeshaji kugusa chochote, mjomba alivua kofia, akampa mama aishike, akainua mguu, akapanda. Ndivyo ilivyo heshima: mkubwa hukaa kwanza, hubariki, ndipo wengine.

Alikaa kwenye ya kawaida. Ikazama chini yake mpaka nikasikia springi zikiguna.

"Hii ni laini," alisema. "Hii ni ya kuendea harusi."

Akapanda ya juu. Ikashuka kidogo chini yake, ikatulia vizuri kabisa. Kwa uzito wa Mjomba Kariuki, ile springi ilikuwa kama imepimwa na fundi nguo. Akatikisatikisa mwili. Akapiga tanki kwa kiganja. "Hii ndiyo pikipiki. Iko na mfupa. Wangeci, umepata." Akaweka mkono kwenye kiti, akaomba, sala fupi na nzuri, na sisi sote tukasema amina, hata mimi.

Mama hakufurahi. Alikuja karibu nami. Watu wa huku huniita kwa jina la binti yangu, na yeye aliniita hivyo, kwa sauti ya chini.

"Baba Muthoni. Mimi sijui vyuma. Nilizika mmoja. Hii ikiwa mbaya kwa huyu mtoto, nitazika wa pili, na nitakuwa nimekuja hapa kwa miguu yangu kumchagulia. Unaelewa?"

"Naelewa, Mama Wangeci."

"Basi sema wewe. Kaka yangu amesema. Sasa wewe sema."

Nilimkalisha Wangeci kwenye ya juu. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyofika chini. Nikaweka mkono kwenye mkia wa kiti, kama Desmond alivyoniwekea. Haikushuka. Ilikuwa kama mtu ameweka mkoba juu ya meza. Nikachukua spana ya ndoano nikailegeza mpaka mwisho, nikafungua na skrubu zote. Ikashuka labda unene wa kisu. Skrubu haibadilishi chuma. Springi ya mtu mzito hubaki ya mtu mzito.

Sasa fikirini hali niliyokuwamo. Nikisema palepale kwamba mjomba amebariki pikipiki isiyofaa, nimemvunjia heshima mbele ya dada yake. Ataondoka na baraka zake, mama ataogopa, na Wangeci hatapata pikipiki yoyote, wala ya juu wala ya kawaida. Nikinyamaza, biashara nimefanya, na huyo mtoto atapanda kwenda Nanyuki juu ya springi ambazo hazijui kwamba amekaa. Wenzangu wengi wangenyamaza. Mimi si wenzangu.

"Leo siuzi," nilisema.

Mjomba Kariuki aligeuka polepole. "Ati huuzi? Hili ni duka la nini basi, la kuonyesha?"

"Mjomba, baraka zako nimezipokea. Lakini umebariki ikiwa imesimama. Naomba uje uibariki ikitembea."

"Huyo ndiye Mwingereza," alimwambia dada yake. "Hata akitaka kukuuzia ng'ombe, atataka kwanza umuone akikimbia."

"Wewe si hununua ng'ombe ukimuona akitembea?" mama alimuuliza.

Mjomba akachukua kofia yake. Kwa mwenye bucha hilo si swali la kubishia.

Tulizipakia zote mbili kwenye pikapu tukaenda Chaka. Nyuma ya soko kuna barabara ndogo ya lami yenye tuta ambalo wenyeji walijijengea walipochoka na magari yanayopita kasi. Halikujengwa na mhandisi. Limejengwa na watu wenye hasira, kwa hivyo ni kali. Genge la sweta la Mama Wangeci liko karibu na hapo. Alisimama kando ya tuta, mkono mdomoni kabla hata injini haijawaka. Mjomba alisimama upande wa pili, mikono nyuma, kama mkaguzi wa gwaride.

Nilimwambia Wangeci apite kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua maziwa, si zaidi. Alianza na ya juu. Alikuja vizuri, mgongo umelegea, macho mbele, msichana anajua kazi yake. Tairi ya mbele ikapanda tuta, ikashuka. Ya nyuma ikapanda, halafu haikushuka. Iliruka. Wangeci akainuka kwenye kiti, na kati yake na kiti ukaona soko lote la Chaka.

"Wangeci!"

Hiyo ilikuwa sauti ya mama. Wanawake wa magenge waligeuka wote.

Wangeci alitua, akaishika, akasimama mbele kidogo. Hakuanguka. Alirudi akiisukuma, amefungua kioo cha helmeti, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo naiheshimu, hasira ya mtu aliyependa kitu nacho kikamkataa hadharani.

Akapanda ya kawaida. Akaja kwa mwendo ule ule. Mbele ikapanda ikashuka, nyuma ikapanda ikashuka, na yeye akabaki amekaa. Hakuna kingine kilichotokea. Ndiyo raha ya springi sahihi, vijana: hakuna cha kusimulia.

Mjomba alikuja kwangu akikuna shingo. "Lakini mimi nilipokaa, ile ya juu ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa kabisa, Mjomba. Inafaa uzito wako. Shika hapa nyuma." Nilimwita Wangeci akae kwenye ya juu tena, nikauweka mkono wa mjomba kwenye mkia wa kiti. "Imeshuka?"

"Haijashuka."

"Sasa ile nyingine."

Wangeci akahama. Mkono wa mjomba ukashuka kidogo pamoja na kiti, ukatulia. Akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka kofia ikamtoka.

"Yaani ile ya juu ilikuwa inanitafuta mimi! Ni kama ile mizani yangu ya kutundikia ng'ombe mzima. Ukiiwekea kilo moja ya matumbo, hata haisogei." Akamgeukia Wangeci. "Wewe ni kilo ya matumbo."

"Asante, mjomba," Wangeci alisema bila kutabasamu. Kisha akaniuliza mimi, "Mzee, si unaweza kubadilisha springi za ile?"

"Naweza. Tutaziagiza nje. Halafu tubadilishe tairi, maana zile ni za mashindano na huku ni baridi. Halafu tukate kiti upate kufika chini. Ukimaliza, utakuwa umeinunua ya juu ili uifanye ya kawaida."

Aliitazama ile ya juu. Nilimwacha aitazame. Kuna kitu mtu anapaswa kukiaga kwa wakati wake.

Mama ndiye hakuwa amemaliza. Yeye alikuwa amesikiliza kuliko sisi sote.

"Baba Muthoni, hiyo ya bei kubwa iko na kitu gani ambacho hii haina? Niambie ukweli."

Niliona ni swali halali, nikajibu. Nilimwambia zote mbili zina breki zisizofunga gurudumu. Lakini ya juu ina kompyuta inayojua pikipiki imelala. Mtu akishika breki ghafla kwenye kona, kwenye maji, inaweza kumsaidia.

"Kwenye maji," alisema.

"Ndiyo."

"Baba yake alianguka kwenye maji."

Mjomba aliacha kucheka. Nami nakiri kwamba nilitafuta jibu kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta jibu la mtihani.

"Mama Wangeci, hiyo kompyuta hufanya kazi tairi ikiwa imegusa barabara. Umeona mwenyewe tairi ilikuwa wapi."

Alitazama tuta.

Nikaendelea, kwa sababu hilo peke yake halikutosha. Nilimwambia ile tofauti ya bei haitarudi mfukoni kukaa bure. Tutamfungia tairi nzuri za mvua. Atanunua koti la kuendeshea lenye vikinga vya mgongo na viwiko, buti, na glavu za baridi. Na kila mvua itakapokuja msimu huo, mimi mwenyewe nitatoka naye barabarani, nimfundishe kushika breki kwenye maji mpaka mwili wake ujue bila kuuliza kichwa. Diploma yangu ni ya mitambo, lakini hiyo nayo naijua, na hapa sijisifu. Naam, najisifu, lakini ni kweli.

"Na angekuwa Muthoni wako?"

"Ningempa hii hii."

Mjomba Kariuki alisogea. Nilidhani ataweka mkono kwenye kiti tena. Alimwendea Wangeci, akaweka kiganja chake kipana juu ya helmeti yake, akaomba upya. Safari hii hakuitaja pikipiki hata kidogo. Alimtaja mtoto wa dada yake, na baba yake, kwa jina, jambo ambalo niliona mama hakulitegemea.

Nawashukuru watu hao watatu zaidi ya wateja wengine wote. Wengi waliniamini kwa sababu ya fremu iliyo ukutani, nami nimeifurahia imani hiyo, siwafichi. Mama Wangeci hakuniamini mpaka aone, na kwa sababu hiyo nilifanya kazi yangu yote, siyo ile nusu inayotosha kuuza. Mjomba angeweza kukasirika akaondoka. Alikubali kuweka mkono wake mahali nilipomwonyesha. Na Wangeci aliaga kitu kizuri bila kumwaibisha mtu. Fundi akipata wateja wa namna hiyo, hata mmoja, hatajuta kuchagua kazi hii.

Kwa hivyo mkija kuniuliza, njooni na koti lenu na begi lenu, na mjomba mwacheni akae mwisho.

Siku ile Mama Wangeci alishusha mkono kutoka mdomoni. Akamwambia binti yake, "Pita tena."

Wangeci akaenda na ile ya kawaida mpaka mwisho wa barabara, akageuza, akapita juu ya tuta. Mama akamfuata kwa macho, shingo imekaza, mpaka alipopotea kwenye kona ya soko. Tulisikia injini ikigeuka huko, ikianza kurudi. Wakati huohuo mwanamke mmoja alisimama mbele ya genge akainua sweta ya bluu, akauliza kama kuna ya saizi ndogo. Mama Wangeci akageuka. Pikipiki ikapita nyuma yake, ikapanda tuta, ikashuka, naye alikuwa ameinama kwenye rundo, mgongo kwa barabara, akitafuta sweta ndogo ya bluu.